Kabla hujaiunga umeme osileta ya MHz 10

Osileta ni kifaa kinachotoa mapigo ya umeme ya kasi isiyobadilika, hii ni milioni kumi kwa sekunde. Soma kibandiko chake kwanza. Osileta yenye kijitanuri ndani inakula umeme mwingi ikiwa baridi, ikishapata moto inapunguza. Pawa saplai ichaguliwe kwa ule mlo wa kwanza.

Adapta za ving'amuzi ziache kwenye ving'amuzi. Chukua transfoma, dayodi nne, kapasita kubwa, halafu regyuleta, yaani kidhibiti cha volti. Kama ni LM317, mguu wa kurekebishia volti upewe kapasita ya mikrofaradi 10. Ni kitu cha bei ndogo, ila mngurumo (yale mawimbi yanayobaki juu ya DC) unapungua sana. Transfoma ikae mbali, maana sumaku yake haizuiwi na boksi la plastiki. Waya fupi.

Sasa hili la volti za akiba, yaani zile za ziada regyuleta inazotaka ziingie kuliko zinazotoka, lilinitia hasara. Hapa Mwanga, Kigoma, nilichoka kukatikiwa umeme nikahamia betri ya sola. Betri ni tulivu, nikajisemea, nikaweka 7812, regyuleta ya volti 12, nikalala. Mchana safi. Saa mbili usiku nalinganisha na kipokezi cha GPS, tarakimu za mwisho za kaunta (kihesabu mapigo) zinacheza. Nakaza skrubu ya kurekebishia masafa, yaani kasi ya mapigo. Asubuhi imehama, nalegeza. Wiki tatu! Mke wangu akauliza ni saa gani hiyo ya kuhangaikiwa usiku na mchana na haina hata mishale. Nikaitangaza mbovu, nikamuuzia fundi mwenzangu wa Ujiji kwa bei ya chuma chakavu. Kaiunga kwenye transfoma yake, mpaka leo inamtumikia.

Kumbe 7812 inataka iingie volti 14 au zaidi ndipo itoe 12. Jua likiwaka betri yangu ilifika 14.2, usiku ilishuka 12.3. Hapo regyuleta imekuwa bomba tupu, inapitisha hata mngurumo wa inveta iliyokuwa inawasha TV kwenye betri hiyohiyo. Na mita ukiiweka DC inakupa wastani tu, inakudanganya. Azima osiloskopu, inayokuchorea mawimbi yenyewe.

Usiseme kelele ni ndogo. Ukiyazidisha masafa mara 10, kelele ya fezi (kule kutikisika kwa mapigo) inapanda desibeli 20.

Mengine unayajua: usizimezime hovyo, feni isishike laini moja nayo, fyuzi iwepo. Na Novemba mvua zikianza, ukisikia radi upande wa ziwani, chomoa waya wa antena ya GPS kabla hujaanua nguo.