Kabla hujaongeza yuniti: mwongozo wa insulini ya muda mrefu

Lalamiko linalosikika sana kwenye kliniki za kisukari ni hili: insulini nachoma kila siku, lakini asubuhi nikipima bado sukari ni 12 (mmol/l). Wengi huona dawa ni kuongeza dozi. Mara nyingi kosa haliko kwenye dozi. Liko mahali panapochomwa, kwenye sindano iliyotumika wiki nzima, kwenye kichupa kilichokaa juani, au insulini inadaiwa kazi isiyo yake. Basi yuniti ziguswe mwisho, baada ya hayo mengine kukaguliwa.

Jua uliyo nayo

Insulini ya muda mrefu ina kazi moja: kulizuia ini lisimwage sukari kwenye damu wakati hujala, hasa usiku. Sukari ya sahani ya ugali au wali si yake. Hiyo ni kazi ya insulini ya muda mfupi, ya vidonge, au ya kupunguza sahani yenyewe.

NPH (Insulatard, Humulin N) ndiyo inayopatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu. Kwa haki ni insulini ya muda wa kati. Ina rangi ya maziwa, nguvu yake hupanda kileleni kati ya saa 4 na 10 baada ya kuchoma, kisha hufifia, ndiyo maana wengi huchoma mara mbili kwa siku. Glargini ya U-100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita (Lantus na wenzake), ni angavu kama maji, haina kilele kikubwa na hudumu takribani saa 24. Toujeo ni glargini hiyohiyo iliyokolezwa mara tatu, U-300. Degludeki (Tresiba) hupita saa 42. Shirika la Afya Duniani liliziingiza hizi za kisasa kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, ingawa vituo vingi vya umma bado hutegemea NPH na Mixtard.

Hiyo Mixtard iangalie vizuri. Nayo ni ya rangi ya maziwa kama NPH, ila ndani yake asilimia 30 ni insulini ya muda mfupi. Ukiichoma usiku bila kula ukidhani ni NPH, sukari itashuka ukiwa usingizini. Soma jina kwenye lebo kila unapochukua kichupa kipya, hata kama duka ni lilelile.

Kuchoma kwa kalamu

Itoe kalamu kwenye friji nusu saa kabla. Insulini ya baridi inauma. Glargini nayo huwasha kidogo kwa wengine kwa sababu ina asidi. Ni asidi hiyo inayoiweka angavu ndani ya kalamu, na ikifika chini ya ngozi hugeuka chembe ndogondogo zinazoyeyuka polepole. Ndiyo siri ya kudumu kwake, na ndiyo sababu haichanganywi na insulini nyingine kwenye bomba moja.

Funga sindano mpya. Ya milimita 4 inamtosha karibu kila mtu mzima, mwembamba na mnene. Zungusha yuniti 2 (Toujeo 3), elekeza sindano juu, bonyeza hadi tone litokee. Wengi huruka hatua hii wakiogopa kupoteza dawa, kisha wanachoma hewa. Tone lisipotoka, rudia. Likikataa mara ya tatu, badilisha sindano.

Zungusha dozi yako, ingiza sindano wima, bonyeza hadi dirisha lisome 0, kisha iache ndani huku ukihesabu polepole hadi 10. Ukichomoa haraka, tone linabaki juu ya ngozi, na tone hilo linaweza kuwa yuniti kadhaa. Usisugue. Fungua sindano uitupe. Ikibaki kwenye kalamu, hewa inaingia na dawa inavuja, na kesho dozi itakuwa pungufu bila wewe kujua.

Kalamu ni ya mtu mmoja. Kubadilisha sindano hakutoshi kuruhusu ndugu aitumie, kwani damu kidogo huweza kurudi ndani ya katriji, yaani kichupa cha dawa kilicho ndani ya kalamu.

Kuchoma kwa bomba na kichupa

NPH lazima ichanganywe: bingirisha kichupa kati ya viganja mara 10 hadi 20, mpaka maziwa yawe sawa juu na chini. Usikitikise kwa nguvu, povu litakudanganya kwenye kipimo. Kikibaki na mabonge au unga ulioganda ukutani, kitupe. Asiyebingirisha huchota maji leo na dawa nzito kesho, halafu anashangaa sukari inapanda na kushuka ovyo.

Angalia mistari ya bomba. Kwenye bomba la yuniti 100, aghalabu kila mstari ni yuniti 2. Kwenye la yuniti 30 au 50, kila mstari ni 1. Mtu aliyezoea moja akipewa jingine huweza kuchoma nusu ya dozi au dozi mbili. Ingiza hewa ya yuniti unazotaka kuchota, pindua kichupa, chota, gonga mapovu yatoke.

Na kamwe usichote kwa bomba insulini iliyo ndani ya kalamu ya U-300. Mistari ya bomba imepimwa kwa U-100, hivyo utakachosoma kama yuniti 20 kitakuwa 60.

Mahali pa kuchomea

Hapa ndipo insulini nyingi hupotelea. Mtu hupata sehemu isiyouma, pengine kando ya kitovu upande wa mkono wake wa kulia, na hapo ndipo huchoma miezi na miaka. Haimuumi kwa sababu mafuta yameshavimba na hisia zimepungua. Uvimbe huo hunyonya dawa bila mpangilio: leo inabaki pale, kesho inatoka kwa mkupuo.

Jikague mara moja kwa mwezi. Paka sabuni au losheni, pitisha vidole taratibu tumboni na mapajani. Unatafuta pagumu, penye kinundu, au penye unene usiolingana na upande wa pili. Ukipapata, pazungushie kalamu ya wino na usipaguse kwa miezi kadhaa. Onyo kubwa ni hili: ukihama kutoka kwenye uvimbe kwenda ngozi nzima, dozi ileile inaweza kukushusha vibaya, maana sasa inanyonywa yote. Mwambie daktari kabla, wengi huhitaji kupunguza, na pima mara nyingi zaidi wiki hiyo.

Gawa tumbo robo nne. Tumia robo moja kwa wiki, na kila siku sogea upana wa kidole kutoka ulipochoma jana. Kaa mbali na kitovu kwa vidole viwili au zaidi. Mapaja (mbele na nje) na matako pia yanafaa. Mtu mwembamba au mtoto abane ngozi kwa vidole viwili, dawa isiingie kwenye msuli, kwani msuli hunyonya haraka.

Kutunza

Ambayo haijafunguliwa ikae nyuzi 2 hadi 8, katikati ya friji, mbali na sehemu ya barafu. Iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ikishafunguliwa, glargini ya U-100 ni siku 28, Toujeo 42, Tresiba 56. Kwa NPH soma karatasi ya ndani, kwa kuwa hutofautiana kati ya watengenezaji. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo.

Asiye na friji asikate tamaa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva kwa kufuata joto halisi la kambi za Dadaab, Kenya, kati ya nyuzi 25 na 37: insulini ilidumisha nguvu yake kwa wiki nne. Nyumbani, chungu cha udongo ndani ya kingine, mchanga ulioloweshwa katikati na kitambaa chenye maji juu, hupunguza joto vizuri mahali pakavu penye upepo. Pwani kwenye unyevu hupoza kidogo tu. Kichupa kiwe ndani ya mfuko wa plastiki, lebo isilowe. Kinachoharibu zaidi ni kioo cha gari, paa la bati, na mfuko wa suruali shambani.

Sasa, yuniti

Daktari huanza na 10 kwa siku, au yuniti 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo, kwa mwenye kisukari cha aina ya 2. Kinachoongoza ni sukari ya asubuhi kabla ya kula. Lengo la watu wazima wengi ni 4.4 hadi 7.2 (kipimo chako kikisoma mg/dl, ni 80 hadi 130). Mpango wa kawaida: asubuhi tatu mfululizo zikiwa juu ya lengo, ongeza yuniti 2, kisha subiri siku tatu nyingine. Ukishuka chini ya 3.9 bila sababu inayojulikana, punguza asilimia 10 hadi 20 na piga simu kliniki. Mpango huu ufuate ikiwa umekubaliana na daktari wako. Wazee, wajawazito na wenye figo dhaifu wana malengo yao, na figo ikidhoofika insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Ikiwa asubuhi ni 6 na jioni ni 14, usiguse insulini ya muda mrefu. Kazi yake imeifanya. Kinachopandisha ni mlo wa mchana, na ukiongeza yuniti kwa ajili ya jioni sukari itaanguka usiku. Dalili nyingine za dozi kupita kiasi: sukari ya kulala na ya kuamka zinapishana kwa zaidi ya 2.8, au dozi imevuka nusu yuniti kwa kila kilo na vipimo bado haviridhishi.

Asubuhi ikiwa juu bila kueleweka, amka saa tisa usiku upime, kwa siku mbili tatu. Iko chini? Dozi ni kubwa, au NPH ya jioni inafika kileleni usiku wa manane, na kuisogeza hadi saa ya kulala husaidia. Iko sawa kisha inapanda alfajiri? Ni homoni za kuamkia, na hilo lizungumze na daktari. Iko juu usiku kucha? Angalia kwanza ulikula nini saa nne.

Ukihamishwa kutoka NPH ya mara mbili kwenda glargini ya mara moja, dozi ya siku nzima hupunguzwa takribani asilimia 20. Ukiona hesabu haikupunguzwa, uliza.

Mambo yanapoharibika

*Umesahau kuchoma.* Ukikumbuka ndani ya saa chache, choma. Ukikumbuka karibu na dozi inayofuata, usichome mbili kwa pamoja. Tresiba inahitaji angalau saa 8 kati ya dozi na dozi. Mwenye aina ya 1 asiruke kabisa, hata akitapika na asipokula: bila insulini hii damu hujaa asidi ndani ya siku moja au mbili. Kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa nguvu na harufu ya matunda mdomoni ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

*Umechukua kalamu ya muda mfupi badala ya hii.* Hutokea sana usiku gizani. Usilale. Kula wanga papo hapo, pima kila nusu saa, usikae peke yako, piga simu au nenda hospitali. Yuniti 20 za muda mfupi si za kusubiri uone. Kuzuia ni rahisi: kalamu moja ikae chumbani na mpira mnene ufungwe juu yake, nyingine jikoni.

*Sukari chini ya 3.9.* Jasho, mtetemeko, njaa ya ghafla, hasira isiyo na chanzo. Vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya mililita 300 (isiwe ya bila sukari). Subiri dakika 15, pima, rudia kama bado. Chokoleti inachelewa kwa sababu ya mafuta. Ikishapanda kula kitu, mkate au ndizi, kwani insulini ya muda mrefu bado iko mwilini na itakushusha tena. Aliyezimia hapewi kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali.

*Ramadhani.* Onana na daktari wiki sita hadi nane kabla. Kwa kawaida glargini ya mara moja huhamishiwa futari na kupunguzwa asilimia 15 hadi 30. Kwa NPH ya mara mbili, dozi ya asubuhi huenda futari, na ya jioni hukatwa nusu ikachomwa daku. Wanazuoni wengi wanasema kupima kwa tone la kidole hakubatilishi swaumu. Fungua swaumu sukari ikifika chini ya 3.9 au juu ya 16.6.

*Pombe, jembe na mpira.* Vyote huweza kushusha saa nyingi baadaye, usiku. Pima kabla ya kulala.

Kwenye ndege, insulini ni ya begi la mkononi, kwani chini ya ndege inaweza kuganda. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa nzito ya plastiki, ya dawa ya kufulia kwa mfano, ikijaa robo tatu ifungwe na kurudishwa kliniki. Chupa za maji ya kunywa hutoboka.