Sampuli za stirio zinavyokula polifonia ya sampla, na namna ya kuirudisha

Sampla ni mashine inayocheza sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, na polifonia ni idadi ya sauti inazoweza kuzitoa kwa pamoja. Ukiona sampla imeandikwa voisi 32, usihesabu noti 32. Voisi ni msomaji mmoja: huchota sampuli moja kwenye memori, huipandisha au kuishusha kufuata kitufe ulichobonyeza, huipitisha kwenye filta, kisha huitoa. Sampuli ya mono, yenye chaneli moja tu, hutosheka na msomaji mmoja. Ya stirio kwa kawaida huhitaji wawili kwa kila noti, wa kushoto na wa kulia. Kwenye sampla ya Akai S1000 ya mwaka 1988 jambo hili liko wazi: sampuli ya stirio huhifadhiwa kama mbili, moja ikiishia na -L na nyingine -R. Mashine ina voisi 16, kwa hiyo ukitumia stirio unabaki na noti 8.

Noti 8 zaweza kuonekana nyingi mpaka uhesabu mikia, yaani sauti inayoendelea kufifia baada ya noti kuachiwa. Voisi haiwi huru unapoinua kidole, bali sauti inapozimika kabisa. Chukua piano ya noti 4 kwa pamoja, kila noti ikiwa na tabaka mbili, laini na kali, zinazolia kwa wakati mmoja, na kila tabaka ni stirio. Nne mara mbili mara mbili ni 16. S1000 imejaa, na besi wala ngoma hazijaingia! Noti inayofuata lazima ipore voisi ya nyingine, mara nyingi ile iliyotangulia kulia, ndipo besi ndefu inakatika katikati na watu wanaanza kubadilisha kebo za MIDI, zinazounganisha kinanda na sampla, wakidhani kosa liko huko.

Pima kwanza. Tumia sampuli iliyowekwa lupu, yaani inayojirudia, ili isiishe. Anza na noti ya chini kabisa, kanyaga pedali, ongeza noti moja moja huku ukihesabu mpaka ile ya chini ipotee. Fanya hivyo kwa mono, kisha kwa stirio. Hesabu isipopungua, mashine yako haitozi stirio mara mbili. Sampla ya Elektron Octatrack, kwa mfano, ina traki 8 na kila moja hucheza stirio, hivyo mono haikuongezei nafasi.

Ikipungua nusu, pitia sauti moja moja. Kiki, besi, sneya na mwimbaji mmoja mimi huziweka mono bila mjadala. Kwa zenye utata, geuza fezi ya chaneli moja kwenye kompyuta, yaani pindua wimbi lake juu chini, kisha changanya chaneli zote mbili ziwe moja. Kikibaki kimya, pande hizo ni nakala, na unalipa voisi mbili kwa sauti moja. Utashangaa mafaili mangapi yako hivyo.

Pande zikitofautiana, usikimbilie kuzijumlisha. Sauti iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili zilizoachana inaweza kukonda, kwa sababu baadhi ya masafa hufutana. Sikiliza kushoto peke yake, halafu kulia, uchukue upande wenye mwanzo ulio wazi. Memori nayo inarudi: kwa biti 16 na 44.1 kHz, mono hula baiti 88,200 kwa sekunde, stirio 176,400. Upana wa stirio uupate kwa kusogeza haihati (matoazi ya ngoma) kidogo upande mmoja na kutumia mwangwi wa mashine yenyewe. Mwangwi huongezwa baada ya voisi kuchanganywa, hivyo hauli hata moja.

Zipo sauti ambazo stirio ndiyo uhai wake, kama nyuzi na sinthi zinazotanda nyuma ya wimbo. Hizo sizigusi. Ninacheza noti 4 kwa pamoja, voisi 8, kisha narekodi matokeo kuwa sampuli moja ya stirio: voisi 2 tu. Rekodi kila mpangilio wa noti kwa kimo chake cha sauti, maana ukiupandisha, kasi yake hubadilika pia.

Mwisho, punguza rilisi, yaani muda sauti inaochukua kuzimika baada ya kuinua kidole, na kama programu ya sauti kwenye sampla ina mpangilio wa kipaumbele, ipe besi cha juu na sinthi cha chini. Voisi zikiisha, kitakachoporwa kitakuwa mkia wa sinthi, ambao sikio huchelewa kuukosa.