Betri ya moyo yenye nyaya tatu: mchuje mgonjwa kabla hujamwandikia rufaa ya Dar

Tabibu mmoja kijana wa Masasi alinitumia picha ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo) kwa WhatsApp: "Shikamoo daktari. Huyu mama moyo umechoka, nimwandikie rufaa ya betri?" Betri hiyo, CRT, huongoza pande mbili za moyo zijikunje pamoja. Nilichomjibu nakiweka hapa, maana kutoka Mtwara hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ni zaidi ya kilomita 550, na nauli ni ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji.

Hatua ya 1: Dawa. Awe ametumia dawa zote za moyo, kwa dozi kubwa anayoihimili, angalau miezi 3, na bado anahema akitembea. Usiulize kama anakunywa. Mwambie alete vidonge uvione.

Hatua ya 2: Eko, yaani ultrasound ya moyo. EF, asilimia ya damu ambayo chumba cha kushoto cha moyo husukuma nje kwa kila pigo, iwe 35% au chini.

Hatua ya 3: ECG. Hapa usiwe na haraka. Anza na kasi ya karatasi. Kwa milimita 25 kwa sekunde, kiboksi kidogo ni milisekunde 40. Kwa 50 ni 20. Usipoangalia, upana wa QRS (wimbi la umeme unapopita vyumba vikubwa vya moyo) utauona mara mbili ya ulivyo. Namba inayochapwa na mashine ni kidokezo tu, kwani mashine hutofautiana. Mimi napima kwa bikari ya mwanafunzi, na sioni cha kuizidi: tafuta lidi (mchoro wa moyo kutoka pembe moja, kama I au V1) ambako QRS inaanza mapema kuliko zote na ile inakoishia mwisho, upime kati yake.

Chini ya milisekunde 130, usimpeleke: utafiti wa EchoCRT wa 2013 ulionyesha vifo zaidi kwa waliowashiwa betri hiyo wakiwa na QRS nyembamba, ingawa eko ilionyesha kuta za moyo hazijikunji pamoja. Kuanzia 150, matumaini ni makubwa, ila umbo nalo liseme. Tunatafuta tawi la kushoto (njia ya umeme ya upande wa kushoto wa moyo) lililoziba kweli: V1 izame chini, na kilele cha QRS kiwe na mkato au kiburuzike katikati, angalau kwenye lidi mbili kati ya I, aVL, V1, V2, V5 na V6. Presha ya miaka mingi hunenepesha moyo na kutanua QRS bila tawi kuziba, na huku kwetu presha isiyotibiwa ni nyingi. Kilele kikiwa kirefu lakini laini, bila mkato, tilia shaka. Tawi la kulia likiwa ndilo lililoziba, faida ni ndogo.

Hatua ya 4: Mgonjwa mwenyewe. Wanawake hufaidika hata QRS ikiwa nyembamba kidogo kuliko ya wanaume. Kovu kubwa la shambulio la moyo hupunguza faida. Mapigo yakiwa ya ovyoovyo, yadhibitiwe kwanza, la sivyo betri haipati nafasi ya kuongoza moyo.

Hatua ya 5: Barua. Ambatisha ECG halisi, si picha ya simu. Na familia iambiwe kabla haijauza korosho zake: hata kwa waliochaguliwa vizuri, takribani mmoja kati ya watatu haoni nafuu ya maana, na dawa haziachwi.