Kabla hujanunua mche, nenda Haller Park ukatazame chini

Nauza miche kando ya barabara ya Malindi. Wateja wengi huja na simu mkononi: "Nataka hivi." Picha yenyewe ni ya Limuru, nyasi nene na maua yanayopenda baridi. Nyumba yake iko Mtwapa, juu ya mawe ya matumbawe. Huyo simuuzii kitu siku hiyo. Namwambia aende Haller Park, kule Bamburi, Mombasa.

Ndiyo, pale penye viboko. Kulisha twiga waachie watoto, wewe kaangalie ardhi. Lilikuwa timbo la kiwanda cha saruji, jiwe tupu, na maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kujaribu miti pale, aina 26. Zilizosimama ni tatu tu: mvinje, mnazi na mti mmoja wenye asili ya Somalia. Hata hivyo majani ya mvinje yalilala chini bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakayatafuna yakawa mbolea. Kwa hiyo ukifika, chuchumaa chini ya mvinje uparuze majani kwa kidole. Udongo ule umetengenezwa palepale. Kama kiwanja chako ni mawe, anza na kivuli na majani; maua baadaye. Na usifagie uwanja mpaka mchanga ung'ae (hapo mama mkwe wangu hanisikilizi, nami sishindani naye).

Usiye wa huku, tafuta bustani yenye ardhi na mvua kama zako. Nairobi kuna Arboretum ya mwaka 1907, iliyoanzishwa kujaribu miti. Dar es Salaam kuna bustani ya mimea karibu na Makumbusho ya Taifa, waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1893, nayo pia ya majaribio. Bustani za namna hiyo nazipenda kuliko za hoteli, kwa sababu za hoteli zinaishi kwa mpira wa maji. Entebbe kando ya ziwa ni nzuri mno, lakini kwa mtu wa Pwani ile ni ya kutamani tu.

Nenda mwishoni mwa kaskazi, Februari au Machi, kabla ya masika. Kilicho kijani wakati huo ndicho utakachoweza kuishi nacho. Fika saa saba mchana, jua la utosi, uone watu wamekimbilia wapi kukaa. Hapo ndipo upige picha: moja ya mbali, moja ya chini miguuni. Pima njia kwa hatua. Wawili wakipita bega kwa bega bila kusukumana, upana huo unatosha. Kisha mtafute mtunza bustani. Msalimie vizuri, shikamoo kama ni mzee, usimrukie na maswali. Muulize hili kwanza: "Kipi mlipanda kikafa?" Jibu lake litakuokolea pesa nyingi.

Ukirudi nyumbani, chora njia na vivuli kwa majivu juu ya ardhi yenyewe, uzoee kupita humo siku kadhaa. Panapokukera, futa. Asumini iweke upande wa kusini wa baraza, ili kusi ikianza kuvuma jioni ikuletee harufu ulipokaa. Ukishajua itakaa wapi, njoo. Miche ya asumini ninayo.