SOMO: Jinsi ya kugundua hitilafu ya umeme nyumbani kabla haijawa moto

Wakuu, kuna wakati nilitafuta samaki aliyeoza jikoni kwangu siku mbili nzima. Nilimwaga taka, nikasogeza jiko, nikaosha friji ndani na nje. Siku ya tatu nikachomoa plagi ya friji, pini moja ikatoka nyeusi na uso wa soketi umegeuka rangi ya chai. Yule samaki alikuwa plastiki ya soketi inaungua polepole. Na mimi ndiye fundi umeme! Ndiyo maana somo hili naanza na pua.

Hatua ya 1: Nusa, kisha gusa
Fanya hivi vifaa vizito vikiwa vimefanya kazi dakika 20 hivi: pasi, birika la umeme, hita. Harufu ya samaki au ya plastiki iliyoungua ikikujia karibu na soketi, usiipuuze. Halafu gusa plagi kwa mgongo wa kiganja kikavu. Uvuguvugu kidogo si neno. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya utoe mkono, kuna tatizo. Iliyopasuka au kuyeyuka usiiguse kabisa, zima kwanza meni swichi.

Wengi hujipa moyo kwamba "ingekuwa hatari, breka ingekata." Haikati, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapoponzwa. Breka inakata umeme ukipita mwingi kuliko kiwango chake. Skrubu ikilegea nyuma ya soketi, umeme unaopita ni ule ule wa kila siku, ila sasa unapita mahali pembamba. Pale panapata joto, shaba inafanya kutu, kutu inaongeza joto. Breka haioni chochote. Pua yako ndiyo inaona.

Hatua ya 2: Sikiliza na utazame
Swichi ikitoa sauti ya kukaanga au mlio wa "zzz", cheche zinaruka ndani. Tazama pia alama za moshi, soketi inayocheza ukutani, na waya uliotafunwa na panya.

Hatua ya 3: Soma taa
Taa moja ikipepesa, anza na balbu na holda yake. Za chumba kizima zikipepesa, huenda kuna kiungo kilicholegea. Zikififia sekunde moja friji inapoanza kuunguruma, mara nyingi ni kawaida. Ila taa za upande mmoja ziking'aa kupita kiasi huku za upande mwingine zimefifia, acha kila kitu uzime meni: waya wa nyutro (ule unaorudisha umeme) umeachia, na vifaa vinaweza kuungua kwa dakika chache. Hilo ni la fundi au la wanaokuletea umeme, si lako.

Hatua ya 4: Breka inaruka lini?
Ikiruka papo hapo unapowasha kitu, huenda ni shoti kwenye kitu hicho. Ikikaa dakika kadhaa ndipo iruke, umeizidishia mzigo. Piga hesabu: volti 230 mara ampia 13 za soketi ni karibu wati 3000. Birika la wati 2000 na pasi ya wati 1200 kwenye ekstensheni moja tayari zimepita. Na ile ekstensheni ya kuviringisha, ikunjue yote kabla ya kuweka mzigo mzito. Ikiwa imejikunja inajipika yenyewe.

Hatua ya 5: Ukiguswa
Bomba, friji au hita ikikutekenya hata kidogo, achana nacho mpaka ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, ikaguliwe. Kama una RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja), bonyeza kile kitufe cha T mara kwa mara. Isipokata, haikulindi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, breka ya taa ilikuwa inaruka kila siku. Fundi akaniwekea ya ampia 32, sasa imetulia. Nimepona?*
Hujapona ndugu yangu, umenyamazishwa kengele. Waya wa taa mara nyingi ni wa milimita za mraba 1.5, na breka yake huwa ya ampia 6 au 10. Ukiweka ya 32, waya wenyewe ndio unakuwa fyuzi, tena ndani ya dari. Rudisha ya zamani leo, kisha itafutwe sababu.

*Testa inawaka nikigusa bodi ya friji, lakini sisikii kitu. Ni mbaya?*
Testa huwaka hata kwa umeme mdogo sana, kwa hiyo yenyewe haitoshi kukuhukumu. Lakini bodi yenye ethi nzima haipaswi kuiwasha. Hujasikia kitu labda kwa sababu ulivaa viatu. Chomoa, fundi apime ethi ya soketi hiyo.

*Balbu yangu ya LED inaendelea kuwaka kwa mbali hata nikizima. Ni majini?*
Hahaha, majini hawana haja ya LED. Swichi yenye kitaa kidogo huweza kuleta hivyo, haina madhara. Sababu inayonitia wasiwasi ni swichi kuungwa kwenye nyutro badala ya laivu (waya unaoleta umeme): taa inazimika, lakini holda inabaki na umeme. Mpaka fundi athibitishe, usibadilishe balbu hiyo bila kuzima meni.