Beetle ya zamani Uganda: kuipata, kuitunza na kuifurahia barabarani

Tafuta gari ambalo tayari liko ndani ya nchi. Nalitaja hili kwanza kwa sababu sheria ya 2018 ilipiga marufuku kuingiza Uganda magari yaliyotimiza miaka 15 tangu yatengenezwe, kwa hiyo wazo la kuagiza Volkswagen Beetle ya miaka ya sitini kutoka ng'ambo liweke kando. Mimi sioni hasara. Zipo Beetle nyingi kuliko watu wanavyodhani, zimefunikwa turubai nyuma ya nyumba za Jinja, Mbale, Soroti na Masaka, kwenye misheni, kwenye nyumba za walimu wastaafu. Langu ni la 1972, injini ya 1300, rangi ya maziwa, na nililipata Mbale kwa familia ambayo baba yao alilinunua likiwa jipya. Waulize mafundi wenye mvi. Hao wanajua kila Beetle iliyowahi kuingia gereji yao na ilikoishia.

Kabla hujafungua boneti, omba logibuku, yaani hati ya usajili wa gari. Gari likikaa uani miaka mingi, mara nyingi jina lililoandikwa humo ni la marehemu. Hapo familia sharti iwe na hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na aliyetajwa kwenye hati ndiye atakayetia sahihi ya kuuza. Mpwa anayekuambia "sisi wote tumekubaliana, mama" hatoshi, hata kama anasema kweli. Subiri wamalize mambo yao. Kisha inua kiti cha nyuma: namba ya chesisi imegongwa pale kwenye uti wa chuma unaopita katikati ya gari. Linganisha tarakimu moja moja na karatasi. Namba ya injini iko chini ya kikalio cha dainamo, kile kifaa kinachotengeneza umeme wa gari.

Siku ya kukagua, nenda na mkeka wa kulalia chini, tochi na sumaku ndogo. Rangi isikusumbue kichwa, rangi hupigwa. Adui wa Beetle ni kutu, na hujificha mahali palepale kila mara. Betri iko chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na tindikali yake huila sakafu mpaka unaona ardhi. Halafu kuna yale mabomba mapana ya chuma yanayopita chini ya milango, yanayoleta hewa ya joto. Hayo ndiyo yanayoshika bodi isipinde. Fungua mlango taratibu, uuinue kidogo, uufunge. Mlango ukishuka na kugonga chini, yatilie shaka mabomba hayo. Pitisha sumaku: pasiposhika, chini ya rangi kuna puti na si chuma. Sakafu hukatwa ikachomelewa nyingine, mafundi wa Katwe pale Kampala wanaiweza kazi hiyo vizuri, lakini mabomba ya pembeni yakiwa yameoza pande zote mbili, gharama itazidi thamani ya gari.

Injini ikiwa imezimwa, shika puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, uivute kwako kisha uisukume. Inatakiwa usihisi karibu chochote. Ukisikia "tok, tok", krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, inacheza mbele na nyuma, na ovahauli ya kuifungua injini yote iko njiani. Kipimo hiki hakihitaji kifaa wala hakichukui dakika moja, na muuzaji hawezi kukifunika kwa maneno. Chungulia pia mabati meusi yanayoizunguka injini. Beetle haina rejeta wala maji. Hupozwa na hewa inayopulizwa na feni na kuongozwa na mabati hayo pamoja na mipira yake ya kingo. Fundi asiyeijua huyatoa akidhani anairahisishia injini ipumue, kumbe hewa ya moto ya chini inapanda na kufyonzwa tena na feni. Yakikosekana, bei ishuke, na uyatafute kabla ya safari yoyote ndefu.

Gari likishakuwa lako, kazi ya kwanza ni mipira ya petroli. Sina mzaha na hili. Mpira mkuukuu ukipasuka juu ya injini yenye moto, petroli hudondokea kwenye distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi umeme, na cheche zake. Bloku ya Beetle ni aloi ya magnesi, na magnesi ikishika moto maji hayaizimi. Badilisha mipira yote kuanzia kwenye tanki mbele hadi kwenye kabureta, weka klipu kila ncha, na chujio la petroli lisining'inie ndani ya chumba cha injini. Mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na kiti chako, si mbele chini ya mizigo. Baada ya hapo breki: masta silinda, mipira ya magurudumuni, paipu laini zote nne. Gari lililolala miaka kumi halina breki, hata kama pedali inaonekana ngumu.

Matunzo ya kawaida nakusihi uyafanye mwenyewe, na utamu wa gari hili unaanzia hapo. Nilikuwa nesi maisha yangu yote ya kazi, na naisikiliza injini hii kama nilivyosikiliza kifua cha mgonjwa: kwanza kimya, mkono umetulia, halafu unauliza. Oili ni lita mbili na nusu tu, na Beetle haina filta ya oili ya kubadilisha, ina chujio la waya chini, unalifungua na kuliosha. Kwa kuwa oili ni kidogo na ndiyo pia inayosaidia kuipoza injini, mimi siipitishi kilomita 5,000, na wakati wa kiangazi chenye vumbi jekundu naibadilisha mapema zaidi. Nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha: milimita 0.15, za kuingiza na za kutoa. Valvu inayopiga kelele kidogo ni afadhali kuliko iliyo kimya kwa kubanwa, kwa sababu iliyobanwa haifungi vizuri na huungua. Pointi za distribyuta ziachie nafasi ya milimita 0.4. Nunua fila geji nzuri, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi hizo, spana za milimita, na asubuhi moja ya Jumamosi ukae na fundi mzee akuonyeshe. Mpe heshima yake na malipo yake kamili. Maarifa hayo yanaondoka na watu.

Watu huniuliza kuhusu petroli. Petroli yenye madini ya risasi, yaliyokuwa yakilinda viti vya valvu, ilikwisha kuuzwa katika nchi zetu kufikia mwanzoni mwa 2006, na bila madini hayo baadhi ya injini za zamani zenye kichwa cha chuma, kama za Morris Minor, zinahitaji kuwekewa viti vigumu vya valvu. Beetle ina kichwa cha aluminiamu chenye viti vya chuma kigumu tangu kiwandani. Tia petroli ya kawaida, uende.

Spea hazina shida kama unavyoogopa. Beetle ilitengenezwa Meksiko hadi Julai 2003, kwa hiyo vitu vingi bado vipo vipya. Kwenye soko la Kisekka pale Kampala utapata plagi, kebo, beringi na vinavyofanana na magari mengine. Vya Beetle hasa nafuata Nairobi, barabara ya Kirinyaga, au natuma hela na mzigo unakuja na basi kupitia Busia. Tuma picha na kipande cha zamani chenyewe, maana pampu ya 1200 na ya 1600 zinaweza kuonekana ndugu kumbe hazikai mahali pamoja.

Sasa kuendesha. Pumua, fungua kioo, na usahau haraka. Vijana waliozoea magari ya otomatiki hupandisha gia mapema ili injini isipige kelele, wakidhani wanaionea huruma. Kwa Beetle huko ni kuiumiza. Feni inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo injini ikizunguka polepole kwenye gia kubwa mlimani, inabeba mzigo mzito na kupata upepo mdogo. Shusha gia mapema, iache iimbe, nayo itapoa. Njia ninayoipenda kufundishia ni ya kwenda maporomoko ya Sipi, mlimani Elgon. Kutoka Jinja unapita Iganga, pale Nakalama unakata kushoto barabara ya Tirinyi, tambarare kati ya mashamba ya mpunga, gia ya nne, kilomita 70 hadi 80 kwa saa, na injini nyuma yako inanguruma sawasawa. Mbale unapumzika, unanusa kama kuna petroli. Halafu barabara ya Kapchorwa inaanza kupanda hadi karibu mita 1,800. Gia ya pili, mguu umetulia, malori yakupite. Nguvu itapungua kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi. Usiguse skurubu za kabureta, ukishuka itarudi. Ukifika juu iache ingurume dakika moja kabla ya kuizima. Na wakati wa kushuka, gia ileile uliyopandia ndiyo ya kushukia.

Uzito wa injini uko juu ya magurudumu yanayosukuma, ndiyo maana gari hili dogo hupita tope ambalo magari makubwa yanakwama. Mashindano ya magari ya Safari Rally yaliyoanza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, barabara zikiwa udongo mtupu. Mvua ikinikuta kijijini, nalikumbuka hilo kwa furaha.

Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani, simama papo hapo, hata kama umebakisha kilomita mbili. Huenda feni belti imekatika, na bila hiyo hakuna kinachopoza injini. Beba feni belti ya akiba, spana ya 21 na bisibisi imara ya kuzuilia puli isizunguke. Ongeza kebo ya klachi, kebo ya akselereta, pointi, kondensa na plagi moja. Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja wa kitenge.

Kama huna nafasi ya gari, pikipiki inakupa raha ileile kwa fedha kidogo. Ningetafuta Honda CG125. Ilitoka 1976 ikiwa na injini ya fito za kusukumia valvu, imeundwa kwa watu ambao hawaipeleki gereji mara kwa mara, na pikipiki nyingi za Kichina zimenakili injini hiyohiyo, kwa hiyo spea utazikuta hata kwenye vituo vidogo. Hakikisha chesisi haijachomelewa shingoni, basi.

Liwe gari, iwe pikipiki, liendeshe kila wiki. Washa, nenda nusu saa nzima mpaka oili ipate moto wa kutosha kukausha unyevu, hasa sisi tunaokaa kando ya ziwa. Langu hutoka kila Jumapili baada ya misa, kupitia daraja hadi Njeru na kurudi, na kama kuna mtoto wa jirani anayetaka kujua dainamo ni nini, anakaa mbele.