Kokotoa tungamo la W na Z kwa kikokotoo cha mtihani

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa kidato cha sita hapa Kigoma. W na Z ni chembe zinazobeba nguvu dhaifu ya nyuklia. Tungamo lao tunalipima kwa GeV, kizio cha nishati kinachotumika kwa chembe. Kompyuta haihitajiki. Tumia kikokotoo kinachoonyesha mstari mzima wa hesabu. Kinachoonyesha jibu tupu huficha kosa la mabano.

Hatua ya 1. Andika G = 1.1664 × 10⁻⁵ GeV⁻² (ukali wa nguvu dhaifu; hutokana na muda wa kuishi wa myuoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, mikrosekunde 2.2), α = 1/137.04 (ukali wa nguvu ya umeme), na sin²θ = 0.231 (θ ni pembe inayounganisha nguvu hizo mbili).

Hatua ya 2. A = √(πα ÷ (√2 × G)). Ile √2 × G ifungie kwenye mabano yake, la sivyo kikokotoo kitagawanya kwa √2 kisha kizidishe kwa G. Jibu: 37.28 GeV.

Hatua ya 3. Tungamo la W = A ÷ sinθ. Kipeuo cha pili cha 0.231 ni 0.4806, kwa hiyo unapata 77.6 GeV. Maabara zimepima 80.4.

Hapa ndipo watu hufuta ukurasa mzima na kuanza upya, tena na tena. Usifute. Hesabu ni sahihi. Tatizo ni α. Tazama karabai ya wavuvi wa dagaa ziwani usiku wa ukungu: ukiwa ufukweni mwanga ni hafifu, ukisogea na mtumbwi unakolea. Chaji ya elektroni nayo imezingirwa na jozi za chembe zinazozuka na kutoweka, zikiifunika. 1/137 ni thamani ya kutoka mbali. Kwenye nishati ya W uko karibu mno, na α inakuwa takriban 1/128. Rudia hatua ya 2: A = 38.57. Gawanya: 80.3 GeV.

Angalizo jingine, maana nalo hula muda. Majedwali mengine huandika sin²θ = 0.223. Si kosa la uchapaji. Ni fasili nyingine ya pembe ileile, yaani 1 − (W/Z)². Ukiitia kwenye hesabu hii pamoja na 1/128 utapata 81.7. Shika 0.231 mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 4. Z = W ÷ cosθ = 80.3 ÷ 0.877, karibu 91.6 GeV. Kipimo ni 91.19. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inasababishwa na kwaki ya juu (chembe ya msingi iitwayo top), yenye takriban GeV 173, ambayo fomula hii haikuihesabu.